Kundi Likizidi Zizi

Basi la Mwanza likianza kuteremka Sekenke, mazungumzo hupungua. Kona zake madereva wa malori wamezisimulia tangu barabara ikiwa ya vumbi, na ingawa lami imezipunguza makali, bado utamwona abiria anatafuta mkanda ambao tangu Singida mjini hakuukumbuka. Chini imejitandaza mbuga ya Wembere, na mbele ni Shelui na migahawa yake ya kando ya barabara. Ukitazama dirishani, mapaa ya bati yenye msalaba yanapita moja moja katikati ya mashamba ya alizeti na mtama. Mapaa kadhaa ya namna hiyo, yaliyoachana hata kengele ya hapa haisikiki pale, huweza kuwa usharika mmoja. Kila paa ni mtaa, kila mtaa una mwinjilisti wake, na mchungaji ni mmoja kwa wote, na usafiri wake ni pikipiki.

Nimeamua kulianzia hapa swali ambalo kwa kawaida huulizwa Dar es Salaam. Watu wakisema usharika mkubwa huwa wanafikiria kanisa la ghorofa, ibada tatu za Jumapili, magari yaliyoegeshwa mpaka barabarani, na vijana wenye kamera wanaorusha mahubiri mtandaoni. Huo ni ukubwa wa viti. Huku wilayani Iramba kuna ukubwa wa njia. Mchungaji wa mjini ana maelfu mahali pamoja na majina yao hayajui. Wa Iramba ana watu wachache zaidi, majina anayajua, lakini kuwazungukia wote kunamla wiki kadhaa, na masika yakishika ndiyo basi tena. Waulize wote wawili nani hasa analichunga kundi kati ya Jumatatu na Jumamosi, nao watakupa jibu moja: watu wengine. Shida nyingi tunazoziita za uongozi wa makanisa makubwa, ukizifuata mpaka mzizini, utawakuta hao watu wengine. Wanafanya kazi ya uchungaji bila cheo chake wala posho yake, na mara nyingi bila karatasi inayosema wanawajibika kwa nani.

Mpango huu hakuubuni mtaalamu wa utawala. Ulizaliwa na uhaba. Enzi ya Wajerumani Sekenke ilijulikana kwa dhahabu, na dhahabu hiyo ndiyo iliyotengenezewa sarafu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, iliyopigwa Tabora mwaka 1916 koloni likiwa limezingirwa na fedha zimeadimika. Kanisa nalo lilikuwa na uhaba wake, wa watu. Wamisionari wa Leipzig walikwisha kuingia Iramba kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia na kuweka kituo Ruruma. Vita ikawaondoa. Katika miaka ya 1920 wakaja Wamarekani wenye asili ya Uswidi, wa misheni ya Augustana, kwanza kushika nafasi za Wajerumani kaskazini, na Wajerumani waliporudi, Augustana wakabaki na Iramba. Vita ya Pili ya Dunia ilipozuka, Wajerumani wakakamatwa tena, na kikundi kile kidogo cha Augustana kikajikuta kimeachiwa kuangalia makanisa ya Kilutheri ya karibu Tanganyika nzima. Wamisionari hawakutosha, walihesabika kwa vidole. Kazi ikabebwa na walimu wa shule za vijijini, wainjilisti na wazee wa kanisa. Mtu wa Iramba alifundishwa imani na mwalimu wa kijiji chake, na mchungaji akaja siku ya maji ya ubatizo. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) lilipoundwa tarehe 19 Juni 1963, kwa makanisa saba kuungana, Wakristo wa huku waliingia na mazoea hayo mikononi, na mpaka leo Dayosisi ya Kati inatembea nayo.

Mazoea hayo yana kitu ambacho mjini kimepotea, na njia nyepesi ya kukionyesha ni mnada.

Aliyewahi kusali kijijini wakati wa mavuno anaujua. Ibada imekwisha, watu wametoka wametengeneza duara nje ya mlango. Mzee wa kanisa ameshika jogoo aliyefungwa miguu kwa kamba ya katani. Pembeni kuna debe la alizeti, mafungu ya viazi vitamu, na mayai matatu ndani ya kofia ya mtu. "Elfu tano!" "Tano na mia tano!" Mmoja anamchukua jogoo kwa elfu nane, watu wanapiga makofi, yeye anamrudisha kwa mzee: auzwe tena. Mwinjilisti anaandika. Mayai yanapotajwa, kila mtu pale anajua ni ya mama gani, na kwamba kideri kilimmalizia kuku mwezi uliopita. Kwa hiyo mayai matatu yanauzwa kwa bei ambayo sokoni ungepata trei nzima, na mama anaangalia chini akitabasamu. Fedha zinahesabiwa juu ya meza, nje, wazee wawili wanatia saini, na anayetaka kuchungulia daftari achungulie.

Shughuli hiyo ya nusu saa imefanya kazi tatu kwa mpigo. Imekusanya sadaka. Imekagua hesabu mbele ya waliotoa. Na imetoa taarifa ya hali za watu: nani amevuna, nani kapungukiwa, nani leo hayupo na kwa nini. Usharika ukifika watu elfu tatu, kazi hizo tatu zinaachana. Ukusanyaji unahamia kwenye bahasha za ahadi na namba ya malipo ya simu. Ukaguzi unahamia kwa mhasibu na kamati ya fedha, ambayo taarifa yake inasomwa mara moja kwa mwaka, kwa haraka, watu wakiwa na njaa. Ile ya tatu, ya kujua hali za watu, haihamii kokote. Inaanguka njiani, na hakuna anayegundua mpaka siku ya msiba.

Msiba ndio mtihani. Niliwahi kukaa kwenye turubai mjini, mwenye nyumba amefariki usiku, na mjumbe wa familia amekwenda ofisi ya kanisa kupanga ibada ya mazishi. Alirudi na maswali mawili: marehemu alikuwa jumuiya gani, na namba yake ya bahasha ni ngapi? Mtu huyo alikuwa amesali pale miaka kumi na moja, ibada ya kwanza, safu ya nyuma karibu na feni. Hakuna ofisini aliyemjua. Karani hakuwa na kosa, na sikumwona kuwa mtu mbaya. Alikuwa na rejista, na rejista haikuwa na jina. Kwa mtaa wa kijijini jambo hilo haliwezekani, kwa sababu mwinjilisti angekuwa ameshafika na kiti chake kabla ya turubai.

Sasa mtazame mchungaji kiongozi wa usharika wa mjini. Amesoma theolojia, pengine Makumira, ambako wachungaji wa Kilutheri wamekuwa wakiandaliwa tangu miaka ya 1950. Amefundishwa Kigiriki cha Agano Jipya, historia ya kanisa, namna ya kuandaa mahubiri. Anafika kazini, na Jumatatu kuna kamati ya ujenzi, Jumanne fedha, Jumatano mpiga kinanda na mwalimu wa kwaya hawasemeshani, Alhamisi fundi wa paa amekimbia na malipo ya awali, Ijumaa kuna semina ya ndoa, Jumamosi harusi tatu. Mahubiri ya Jumapili yanaandikwa saa sita usiku. Chini yake wapo wachungaji wasaidizi, wainjilisti, katibu, mhasibu, wahudumu, walinzi, walimu wa chekechea ya usharika. Kwa lugha ya serikali huyu ni mkuu wa taasisi. Hakuna chuo kilichomwambia hivyo, na waumini nao hawataki kumwona hivyo: wanataka akipita mlangoni awasalimie kwa majina, aulize mtoto amefaulu?

Hapo linaingia jambo ambalo nadhani limeeleweka vibaya kuliko yote: uhamisho. Katika KKKT mchungaji ni wa dayosisi. Usharika unamlisha na kumpangia nyumba, lakini barua ya kumhamisha inatoka kwa askofu na vikao vyake. Kijijini barua hiyo inaleta machozi na mbuzi wa kuagia. Katika usharika wa maelfu inaweza kuleta mabango, hata ikiwa ya likizo tu. Mwanzoni mwa 2023, Dayosisi ya Mashariki na Pwani ilipompa likizo ya siku 60 mchungaji wa usharika wa Kijitonyama, Dkt. Eliona Kimaro, ambaye semina zake za jioni zilikuwa zikijaza kanisa na simu za watu wasio Walutheri, waumini walikusanyika kupinga, na habari ikatoka kwenye vikao vya kanisa ikaingia kwenye magazeti na vijiwe vya kahawa. Nchi nzima ikawa na maoni. Wengi waliliona kama pambano la watu wawili wenye joho, mchungaji na askofu. Mimi naliona kama hesabu ambayo haikuwahi kufungwa. Usharika ulikuwa umekua kwa sauti ya mtu mmoja, na sauti haina utaratibu wa makabidhiano.

Ukitaka kuona upande wa pili, wa sauti isiyo na dayosisi juu yake wala wazee pembeni yake, kumbuka Moshi tarehe 1 Februari 2020, ambapo watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako katika mkutano wa nabii Boniface Mwamposa. Sitaki kuwanyooshea kidole wenye imani ile. Nataka tuangalie mlango. Kundi la namna ile linahitaji watu wa kulipanga, wa kufungua njia na kufunga, wenye mamlaka ya kusema subirini hata mhubiri akisema njooni. Na hata mwenye nia njema kabisa huelemewa. Mwaka 2011 Mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Mwasapila, kule Samunge, Loliondo, alikuwa anatoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, wagonjwa wakalala njiani siku kadhaa, wengine wakafia humo, mpaka mwishoni mwa Machi mchungaji mwenyewe akaomba watu wasije kwanza. Alikuwa mchungaji wa kijijini mwenye wasaidizi wachache na sufuria. Kundi likamzidi zizi kwa wiki chache.

Kwa hiyo uhamisho, na ule mlolongo wote wa vikao vinavyochosha, una kazi yake. Unalizuia kanisa kuwa mali ya koo moja la mtu mmoja. Kosa ninaloliona ni kuutumia kama fimbo, ghafla, kwa usharika ambao haukuandaliwa kuishi bila mhubiri wake. Iramba hawana shida hiyo kwa kiwango hicho, na sababu yake haina utakatifu wowote. Mchungaji akihamishwa huku, Jumapili inayofuata mwinjilisti anahubiri kama alivyohubiri Jumapili iliyopita, kwa kuwa hata mchungaji alipokuwapo alikuwa anafika mtaani kwa zamu, kwa Meza ya Bwana na ubatizo.

Huyu mwinjilisti ndiye nataka tumkalie kidogo.

Anahubiri, anafundisha watoto wa kipaimara, anatembelea wagonjwa, anazika, anasuluhisha ndoa, anafungua kanisa na kulifunga, na kiangazi anahakikisha mchwa hawajala kenchi. Posho yake inatokana na sadaka ya mtaa, na mtaa ukikosa mvua yeye amekosa mshahara. Mwaka wa ukame analima kibarua kwenye shamba la mtu ambaye Jumapili atamhubiria habari ya kutoa fungu la kumi. Nimewahi kumsikia mmoja akilieleza hilo akicheka: "Nikimkemea sana, Jumatatu hanipi kazi." Kicheko chake kilibeba mjadala mzima wa uhuru wa mimbari, ambao maprofesa wameuandikia vitabu.

Mjini kuna wa kufanana naye, ila wamevaa vitambulisho. Mhudumu anayefika saa kumi alfajiri kufuta viti, mlinzi, fundi mitambo wa sauti, mwalimu wa chekechea. Wengi waliingia kwa mlango wa kujitolea: alikuwa kijana wa kwaya, akaombwa asaidie kidogo, miaka sita ikapita anasaidia. Ukimuuliza katibu wa usharika, anasema huyu ana wito. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hailijui neno hilo. Inataka mtu anayefanya kazi kwa malipo awe na maelezo ya kazi kwa maandishi, likizo isiyopungua siku 28 kwa mwaka, na asiachishwe bila sababu ya haki na utaratibu wa haki. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nayo inadai asilimia 20 ya mshahara, nusu ikitoka kwa mwajiri. Neno wito ni zuri na lina ukweli wake. Lakini nimelisikia mara nyingi mno likitamkwa na mtu mwenye mkataba kumwambia asiye nao.

Na yuko mwingine ambaye hata kwenye orodha ya kujitolea hayumo: mama mchungaji, yaani mke wa mchungaji. Anakaribisha wageni, anaongoza akina mama, anapokea simu za usiku, anakaa na wanaolia. Akifanya kazi benki au shuleni, watu husema ameacha kundi. Akikaa nyumbani, mume akihamishwa naye anahama na maisha yake yote kwenye lori. Tangu KKKT ilipoamua mwaka 1990 kuwabariki wanawake kuwa wachungaji, limezuka pia swali la kinyume ambalo huulizwa kwa kunong'ona: mume wa mchungaji je, naye afanye nini? Jibu la watu wengi ni kwamba yeye ana kazi zake. Basi.

Kusahauliwa kwenye orodha si jambo jipya. Kitabu cha Matendo, sura ya 6, kinasimulia namna wale wasaidizi saba wa mitume walivyochaguliwa. Wahubiri hupenda kukisoma siku ya kuwaingiza kazini wazee wapya. Kilichosababisha uchaguzi ule kilikuwa manung'uniko ya ugavi: wajane wa kundi moja walisahauliwa katika mgawo wa chakula wa kila siku. Kanisa la kwanza lilijikwaa kwenye orodha, kama yule karani wa rejista.

Wazee wa kanisa nao wamebadilika, na hili mchungaji kijana hulijua wiki ya kwanza. Kijijini mzee wa kanisa ni mjomba wa nusu ya mtaa. Akimwonya mtu, anamwonya kama mjomba. Ana mamlaka kwa sababu alikuwapo ulipozaliwa. Mjini baraza la wazee lina mkurugenzi mstaafu, wakili, meneja wa benki, daktari, mkandarasi. Watu hawa wamezoea kuendesha mambo, na usharika unawahitaji kweli, maana bila wao jengo la mamilioni lisingesimama. Kisha kikao kinaanza, na mchungaji wa miaka 34 anaongoza mezani watu ambao wangeweza kumwajiri. Akisema jambo la fedha, wanatazamana. "Mchungaji, wewe tuombee, haya tuachie sisi." Maneno hayo husemwa kwa upendo, na ndani yake kuna mgawanyo wa madaraka ambao katiba ya dayosisi haiutambui. Akiwaachia, siku hesabu zikivurugika barua ya kuitwa kujieleza itakuwa na jina lake. Akiwashikilia, ataambiwa ana kiburi. Wapo wanaoipata njia ya katikati, na kwa niliowaona, siri yao ilikuwa kujifunza kusoma taarifa ya benki mapema, kabla ya ugomvi wa kwanza.

Dawa inayotajwa na kila mtu ni jumuiya: kaya kumi, kumi na tano, zinazosali pamoja nyumbani asubuhi au jioni mara moja kwa wiki. Wakatoliki wa Afrika Mashariki waliifanya kuwa msimamo. Maaskofu wa umoja wao, AMECEA, walikubaliana Nairobi mwaka 1973, wakarudia kwa nguvu zaidi mwaka 1976, kwamba jumuiya ndogo ndogo za Kikristo ndizo zitakuwa msingi wa maisha ya kanisa. Walutheri wakaenda njia hiyo hiyo. Mbali kidogo, huko Seoul, David Yonggi Cho wa kanisa la Yoido alifika hapo kwa kuanguka: mwaka 1964 mwili ulimshinda, akawagawia kundi viongozi wa vikundi vya nyumbani, na wanaume walipositasita akawaweka wanawake. Kanisa lake likaja kutajwa kuwa kubwa kuliko yote duniani. Mwaka 2014 mahakama ikamtia hatiani kwa kulisababishia kanisa hilo hilo hasara ya mabilioni ya fedha za huko. Vikundi vya nyumbani vilikuwa vinafanya kazi nzuri chini. Juu hakukuwa na mnada, hakuna aliyechungulia daftari.

Hiyo ndiyo tahadhari yangu juu ya jumuiya. Zinatibu upweke wa safu ya nyuma karibu na feni, na kwa hilo sijaona kinachozishinda. Lakini usharika mkubwa ukizidiwa huzigeuza haraka kuwa mkono wa ukusanyaji. Mwenyekiti wa jumuiya, mara nyingi mama mwenye duka au mwalimu mstaafu, anapewa fomu za ahadi, bahasha za jengo, orodha ya wasiolipa, na kadi za harambee ya basi la kwaya. Anaanza kuogopwa. Watu wakimwona anakuja jioni wanazima taa ya barazani. Aliwekwa awe macho ya mchungaji kwa wagonjwa na waliopotea, amegeuka karani wa madeni, tena karani asiye na posho.

Mambo ya fedha yanavuta hata ramani. Usharika wa mjini unapozidi kuchangia dayosisi, unaanza kuuliza kwa nini makao makuu yako kule milimani. Dayosisi ya Konde ilipasuka hapo hapo: kuhamisha makao makuu kutoka Tukuyu kwenda jijini Mbeya kulileta mgogoro ambao mwaka 2022 uliishia kwa mkutano mkuu kumwondoa Askofu Edward Mwaikali. Pande zote zilikuwa na hoja za katiba. Chini ya katiba kulikuwa na jambo ambalo mzee wa Tukuyu angelieleza kwa sentensi moja: sisi tuliwabatiza, leo mnataka kututawala. Singida haijafika huko, na huenda isifike, ila barabara ile ile ya lami inayowapeleka vijana wa Iramba mjini inawapeleka pia na sadaka zao.

Hata ukubwa wenyewe hatuujui sawasawa. Sensa ya Tanzania haijauliza dini tangu 1967, na nadhani ni busara. Kwa hiyo kila kanisa linajihesabu lenyewe, na anayejihesabu mwenyewe hujipendelea kidogo. Rejista ya usharika ina waliohama, waliokufa, na waliobatizwa mara mbili kwa majina tofauti kwa ajili ya shule. Mchungaji mpya akitaka kujua ana watu wangapi, takwimu za ofisini zitamdanganya. Afadhali aulize vikombe vya Meza ya Bwana vilivyotumika.

Hilo linanirudisha Sekenke, ambako ukubwa una tabia ya pekee. Wajerumani waliondoka, mgodi ukafufuka na kufa zaidi ya mara moja, lakini dhahabu haikwisha, na wachimbaji wadogo bado wanaichimba vilima hivyo na vya jirani. Mshipa ukionekana mahali, ndani ya mwezi mmoja panaota mahema ya turubai, makarasha ya kusaga mawe, wauza vitumbua, mafundi simu, vijana kutoka Geita, Tabora na Mbeya. Jumapili mtaa uliokuwa na watu arobaini una watu mia tatu. Sadaka inapanda. Kwaya inapata gitaa. Wazee wanaanza kuzungumzia kubomoa ukuta wa nyuma, kupanua, kuomba dayosisi iupandishe mtaa uwe usharika wenye mchungaji wake. Mwinjilisti anaandika majina mapya kwenye daftari, na kwa kila jina anauliza ulikotoka, jumuiya yako ya zamani, ndugu wa kupigiwa simu lolote likitokea shimoni. Kijana akisema hana ndugu, anaandika namba ya rafiki.

Kisha tetesi zinakuja kwamba mahali pengine, mbele ya Igunga huko, mawe yana rangi nzuri zaidi. Wiki hiyo makarasha yanapakiwa. Jumapili kuna watu arobaini na watano na msingi wa ukuta mpya uliofika magotini, umeachwa na mifuko sita ya saruji iliyohifadhiwa nyumbani kwa mzee mmoja. Simu za wachimbaji wengi hazipatikani. Mwinjilisti anachukua daftari lake kabla ya ibada kuanza, anapita kwenye majina mia mbili na zaidi, na pembeni ya kila moja anaweka alama ya penseli. Hatumii kalamu ya wino, kwa sababu mvua zikinyesha baadhi yao huwa wanarudi.